Albarran kwa R Mbili

Maskati, 1969

Rayya, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga majirani, na najua hurudi mpaka karibu na magharibi, maana kila nyumba watakukalisha kitako na kahawa. Nimefunga mlango. Nimechukua daftari lako la hesabu, lile ulilosema hulihitaji tena, na ninaandika humu kwa kalamu yako ya risasi. Kesho asubuhi utakuwa melini, na hii utaikuta katikati ya kanga zako. Tafadhali usiisome mbele ya watu.

Sitakwambia habari za nguo wala za chakula cha melini. Mama mdogo Rukia atakupokea Kuwait, na kwa kuamrisha hana mwenzake, atakushibisha. Mimi nina jambo moja, na kama ningekuwa na moyo ningekwambia kwa mdomo. Wiki hii nimeanza mara tatu. Juzi ulipokuwa unanisuka nilisema, "Rayya, unajua baba yako..." na wewe ukaniwahi, "Hata mie nimemkumbuka, Mama," ukanibusu utosini. Nikanyamaza. Ulidhani ni majonzi, kumbe ni woga.

Jambo lenyewe ni la jina lenu. Nasema lenu kwa sababu langu mimi halikuwa.

Skulini Unguja uliandikwa Rayya Hamid Albarran, na walimu wote walikosea kuliandika. Babu yako alikwenda mara mbili kwa mwalimu mkuu, amevaa koti, kumwambia kwamba ni kwa r mbili. Wewe humkumbuki sana. Aliingia Unguja akiwa Ramón, fundi wa mashine katika meli ya mizigo. Akashikwa na homa, meli ikaondoka, yeye akabaki kitandani hospitali. Alipopona alisema nchi iliyomponya ndiyo nchi yake. Akasilimu, akaitwa Ramadhani, akamwoa bibi yako Mwanaisha wa Kikwajuni, na mpaka anakufa alikuwa akitengeneza matangi ya kuchemshia mafuta ya karafuu na kuwatukana mafundi wenzake kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Uspania hakurudi tena. Alichokuja nacho kutoka kwao na hakukubali kukiacha ni hilo jina.

Alikuwa akiwahesabu watu wa jina lake kama wenzake wanavyohesabu mikarafuu. Kwao, alisema, jina lilikuwa katika nyumba tatu za kijiji kimoja cha milimani, na nyumba mbili kati ya hizo hazisemezani. Ng'ambo ya mto, hakuna. Katika mji mkubwa alikutana na mmoja tu, muuza viatu, na babu alimshuku kwamba amelipata kwa njia za panya. Na pwani yetu yote, kuanzia Lamu mpaka Msumbiji, walikuwa watatu: yeye, baba yako, na ami yako Issa. Ulipozaliwa alikuja kukutazama, akakuinua mpaka usoni pake na kusema, "Sasa tuko wanne." Hakuuliza kwanza kama ni mwanamke au mwanamume. Mimi hakunihesabu, na alinieleza kwa adabu kwamba hata kwao mwanamke akiolewa hubaki na jina la baba yake. Nilimuuliza maana ya hilo jina ni nini. Akasema jina halina maana, jina ni jina.

Sasa nikwambie habari zangu, maana bila ya hizo hutaelewa. Mimi nilikuwa binti wa kabila. Baba yangu alikuwa na nasaba iliyoandikwa, babu baada ya babu, mpaka kufikia kijiji cha ndani huku Omani ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Karatasi ile ilikaa katika sanduku la mbao la baba na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Nilipotaka kuolewa na Hamid, shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana mikono. "Mtoto wa Mhispania! Na hao watakaozaliwa watakuwa akina nani, akina samaki wa kopo?" Nilicheka nao, kisha nikaolewa naye, kwa sababu baba yako alikuwa mzuri na mpole, na nilimpenda. Lakini kicheko kile hakikunitoka. Miaka kumi na minne nilikaa nacho ndani. Kila mtu alipotaja jina la mume wangu nilimtazama mdomo kama unataka kucheka.

Tukafika hapa mwaka 1964, baada ya mambo ya Januari ile. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na unakumbuka jua, na kiu, na mimi kukukataza kulia. Ami Issa alibaki nyuma kwa ajili ya Bibi Mwanaisha, ambaye alikuwa mgonjwa na alisema hatoki Kikwajuni ila kwa jeneza. Huku tulikuwa na mtu mmoja tu, Bwana Khalfan wa Matrah, binamu wa marehemu baba yangu, na yeye ndiye aliyekubali kutudhamini. Bila ya mdhamini tusingeshuka.

Forodhani kulikuwa na foleni, na mwandishi mmoja na daftari lake. Zamu yetu ikafika.

"Shismak?" akauliza bila ya kuinua uso.

"Hamid bin Ramadhani Albarran," akasema baba yako, na zile r mbili akazitembeza vizuri kama alivyofundishwa.

Mwandishi akainua uso. "Barrani?"

"Albarran."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nataka uelewe hilo. Alikuwa mtu aliyechoka akapata kitu cha kumchekesha. Akawageukia wenzake akasema kwa Kiarabu, "Namuuliza jina lake, ananiambia yeye mgeni! Ugeni wako nauona, bwana. Nataka kujua wewe ni nani."

Sasa Kiarabu unakijua kunishinda, huna haja ya kufasiriwa. Barrani ni mtu wa nje, asiye wa mahali. Lakini siku ile wewe hukuelewa, na baba yako pia hakuelewa, kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini tu. Foleni nzima ikacheka. Na yeye, masikini, alipoona watu wanacheka akatabasamu nao, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa. Tabasamu lile ndilo lililonichoma. Nikasogea mbele, nikasema kwa Kiarabu cha baba yangu, "Huyu ni wetu sisi." Nikataja jina la kabila langu. Mwandishi akauliza, "Watu wa Khalfan?" Nikasema naam. Akaandika.

Baba yako akaniuliza, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia tumechoka, aandike upesi."

Unaona? Sikumdanganya mwandishi peke yake. Na unajua kwa dini yetu kumnasibisha mtu na asiyekuwa wake ni jambo gani, nawe umesomeshwa zaidi yangu. Mimi nililijua hata siku ile. Nililijua mdomo wangu ukiwa wazi.

Aligundua baada ya wiki, mtu wa msikitini alipomsomea karatasi ya forodhani. Akarudi, akakaa kizingitini bila ya kuvua viatu.

"Thuwaiba, hapa pameandikwa mie n'nani?"

"Hamid bin Ramadhani."

"Halafu?"

Nikaokota kofia niliyokuwa nikishona.

"Halafu, nakuuliza."

"Ni maandishi tu, Hamid. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ana jina lake."

"Jina lake wanalicheka! Hukuwaona? Wewe ulikuwa ukicheka nao na hujui kama unachekwa wewe!"

Hapo ndipo nilipomfasiria. Nilimweleza kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyekosea. Akavua viatu kimoja kimoja, kisha akasema, "Basi likae hivyo mpaka aje Issa. Issa akija tutakwenda pale forodhani wawili. Mwenye kutaka kucheka atatucheka sote wawili."

Hayo yakawa makubaliano yetu. Akaanza kazi kwa tajiri mmoja wa Matrah, kuangalia ghala, na kazi aliipata kwa lile jina langu. Mwanzo walikuwa wakimwita nalo na yeye hageuki. Wakidhani ni kiziwi. Siku moja nilimuona kwa macho yangu, mtu anamwita mara tatu na yeye anatazama nyuma kuona anayeitwa ni nani. Nyumbani nilikufanyia hadithi ya kuchekesha, ukacheka. Na ulipokuja kuniuliza kwa nini Baba ameliacha jina la babu, nikakwambia Baba mwenyewe ndiye aliyetaka. Nakumbuka ulivyomtazama jioni ile. Kuanzia hapo ukawa unamheshimu kidogo chini ya ulivyokuwa, na mimi nikaona, na nikaacha.

Na mimi je? Mimi nilistarehe. Kisimani nilikuwa napita kifua mbele. Mwaka wa pili nilishasahau kwamba ni uongo, au nilijizoeza kusahau. Bwana Khalfan akianza kuzungumza kwamba yuko kijana mzuri wa ukoo mzuri, na wewe huna miaka kumi na minne. Kwa mara ya kwanza tangu kuolewa sikuwa na haja ya kumtazama mtu mdomo.

Ndiyo akaja Issa.

Ilikuwa mwaka 1966, asubuhi. Wewe ulikuwa chuoni, baba yako kazini. Hamali mmoja wa forodhani alipiga hodi akasema, "Kuna mtu ameshuka, anasema yeye ni ndugu wa Hamid Barrani. Hamid Barrani hapa hajulikani. Lakini anasema mke wake ni Thuwaiba, anashona kofia. Nikasema nije nikuulize." Nikajitia buibui, nikamfuata. Njiani moyo wangu ulikuwa ukipiga, na nakuapia mwanzo ulikuwa ukipiga kwa furaha.

Alikuwa amesimama pembeni na sanduku la bati lililofungwa kamba. Amekonda. Aliponiona akapiga kelele, "Shemeji! Nilijua utakuja wewe, maana Hamid hajui kuharakisha!" Akaniambia palepale kwamba Bibi Mwanaisha amefariki, miezi mitatu sasa, na kwamba alituombea dua sote kwa majina. Nikalia. Machozi yale yalikuwa ya kweli, hilo naomba uliamini, kwa sababu yanayofuata hayapatani nayo.

Mwandishi alikuwa yuleyule au mwengine, sikumbuki. Akaniambia kwa Kiarabu, "Mtu huyu anasema yeye na mumeo ni baba mmoja mama mmoja. Mumeo humu ameandikwa ni wa kabila lenu. Huyu anasema ni barrani. Vipi ndugu wawili, mmoja ana kabila na mmoja hana? Nani kasema uongo?"

Nilikuwa na muda mwingi wa kujibu, mwanangu. Watu wanaposimulia mambo kama haya husema yalitokea ghafla, ulimi uliteleza. Mimi wangu haukuteleza. Nilimtazama Issa, nikaona siku mbili tatu zijazo zote: yeye na Hamid wanaingia pale wamefuatana, daftari linafunguliwa, jina linafutwa, Bwana Khalfan anaitwa kuulizwa alimdhamini nani, yule tajiri anasikia, wanawake wa kisimani wanasikia. Nikajiambia tutafukuzwa. Hilo ndilo nililojiambia miaka yote hii, kwamba niliogopa kufukuzwa na mtoto. Leo nakwandikia kweli: niliogopa zaidi kile kicheko.

Nikasema, "Si ndugu yake. Kwetu Unguja alikuwa fundi wa mtaani. Namjua kwa uso tu."

Issa hakuelewa. Kiarabu chake kilikuwa sawa na cha kaka yake. Akaniuliza kwa furaha, "Anasemaje?"

"Subiri kidogo, shemeji. Wanaandika."

"Hamid yupo?"

"Yuko kazini."

"Na Rayya? Keshakuwa mkubwa?"

"Mkubwa."

"Anaweza kutembeza r?" Akacheka peke yake. "Haya, nenda shemeji, jua kali. Mie n'tangoja." Akakaa juu ya sanduku lake kungoja, na mimi nikaondoka.

Walimrudisha kwenye meli ileile, ikampeleka Ghuba ya juu. Ilipiga honi baada ya alasiri, baba yako amesharudi, anakula. Akauliza, "Hiyo meli ya wapi?" Nikamwambia sijui. Nikamwongeza wali.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana haya ndiyo mabaya zaidi kuliko ya forodhani. Baba yako akawa anaandika Unguja na hapati jibu. Baada ya miezi mingi jirani mmoja wa Kikwajuni akamjibu kwamba mama yao amekufa, na kwamba Issa ameondoka zamani, amekuja Maskati. Ndipo alipolia siku nzima, na wewe ukamkanda kichwa kwa kitambaa cha maji. Akaenda forodhani kuuliza. Wakamtazamia daftarini kwa uaminifu kabisa: hakuna Issa bin Ramadhani aliyeingia. Na ni kweli, hakuingia. Akarudi na maneno yake mwenyewe. "Labda amesikia njiani nimeacha jina la Baba," akaniambia. "Issa ana moyo mgumu kwa mambo hayo. Amesikia, ameona haya, amekwenda zake." Nikamwambia, "Labda."

Nilisema labda, Rayya. Nilikuwa nimeshika kofia na sindano, na wala sikujichoma.

Mpaka anakufa aliishi akiamini hivyo. Ulimwona alivyokuwa mkimya, ukadhani ni ghala, ukadhani ni nchi. Alipougua tumbo mwaka jana na tukajua haliponi, aliniambia, wewe umetoka kuteka maji, "Issa akija, mwoneshe kaburi. Mwambie jina nililiacha kwa ujinga, sikuliacha kwa aibu." Nikasema inshallah. Alikuwa na siku tatu mbele yake. Ningeweza kumwambia katika yoyote ya siku hizo tatu. Nilimwosha uso, nilimgeuza ubavu, nilimsomea, na sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba mgonjwa hasumbuliwi. Lakini mtu aliyekuwa akihifadhiwa pale nilikuwa mimi, asinitazame kwa jicho jengine akaondoka nalo.

Baada ya siku za matanga Bwana Khalfan alikuja, akakaa na kahawa yake, na katika mazungumzo ya kupitisha wakati akaniuliza marehemu baba yake Hamid, yule Mzungu aliyesilimu, kwao aliitwa nani. Sikuwa na sababu tena ya kuficha. Nikamwambia Albarran, na jinsi mwandishi wa forodhani alivyolicheka mpaka nikaandikisha letu.

Akaweka kikombe chini. "Al-Barrani? Lakini hilo jina la Kiarabu!"

Nikamwambia la Kihispania.

"Wahispania wamelitoa wapi? Hiyo 'al' yake ni ya nani? Waarabu walikaa Andalusi miaka mia ngapi! Huyo babu wa mababu alikuwa mtu aliyekuja kutoka nje, wakamwita al-barrani, likabaki. Mbona hukuniambia zamani? Ningekwenda mwenyewe kwa yule mwandishi nikamwambia, huyu unayemcheka jina lake limetoka Andalusi, na angesimama kumpa mkono. Ati mlikuwa mnaona haya? Kubadilisha daftari ni neno la asubuhi moja."

Asubuhi moja. Akaendelea kula halua. Nilikwenda jikoni nikasimama na uso ukutani mpaka nikamsikia anaaga.

Basi jina lilitoka kwa Waarabu, likazunguka dunia, likakaa katika nyumba tatu za mlimani ambazo mbili hazisemezani, likashuka Unguja na mgonjwa wa homa, na lilipofika kwa wenyewe mimi ndiye niliyelifukuza. Na nilichopata ni nini? Kisimani mpaka leo mimi ni "yule Mzinjibari." Kiarabu changu wanakiiga nikishageuka. Lile jina la nasaba ya baba yangu, nililolitetea kwa kumtoa mtu mzima nchini, kwao halinifanyi mwenyeji hata kidogo. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ujue kwamba bei nililipa na bidhaa sikupewa.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nakwambia leo, na mwenyewe najua nina desturi ya kunyamaza. Nakwambia kwa sababu ya barua ya Rukia. Ile iliyokuja wakati wa kutafuta ruhusa yako ya safari, nikakusomea nusu. Nusu nyengine ilisema hivi: nyuma ya soko la samaki huko Kuwait kuna duka dogo la kutengeneza pampu za maji, na juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyeupe, kwa herufi za Kizungu, Albarran. Rukia akaingia, akamkuta Issa. Akafurahi, akamwambia, "Mimi mdogo wake Thuwaiba." Issa akanyanyuka, akafuta mikono, akamwambia, "Mwambie kaka yangu nilikaa juu ya sanduku mpaka wakanibeba nalo. Mwambie sina haja naye." Akamfungulia mlango atoke, kabla hajapata kumwambia kwamba Hamid amefariki. Rukia hakuelewa kitu, na akaniuliza kulikoni. Mimi sikumjibu mpaka leo.

Kwa hivyo ami yako yuko mtaa mmoja na utakakoishi. Naona mtu alimfasiria maneno yangu ya siku ile, lakini anaamini aliyemkana ni Hamid, na kwamba mimi nilitumwa tu. Hajui hata kama Hamid amekufa. Kuna ndugu wawili, kila mmoja amebebeshwa kosa ambalo hakulifanya, na mmoja ameshakwenda nalo kaburini. Aliyebaki ni mmoja. Na huyo mmoja ndiye mtu pekee wa damu ya baba yako uliyenaye duniani.

Nilifikiri kukuacha usijue. Karatasi yako ya safari ina jina la kabila langu, huko hakuna wa kukuunganisha naye, ungeweza kupita mbele ya duka lile miaka mingi na usigeuze shingo. Mara moja nilimwandikia Rukia asikupeleke upande ule. Nikaichana. Nimeshamnyima kaka yake, siwezi kumnyima na wewe, na siwezi kukunyima wewe yeye. Lakini pia, niseme yote, najua kwamba siku utakayomsikia yeye, mimi nitakuwa nimekupoteza. Ukisikia kwake kabla ya kwangu nitakuwa nimekupoteza mara mbili. Hiyo ndiyo sababu ya barua, nayo ina ubinafsi wake, kama mambo yangu mengi.

Nenda peke yako, usiende na Rukia, maana yeye ataanza kusuluhisha. Nenda asubuhi. Mwambie jina lako lote kama alivyokuandikisha babu yako. Kisha mwambie kwanza kwamba Hamid amefariki, kwa sababu ana haki ya kumlilia kabla ya kukasirika. Akishamaliza mwambie kaka yake hakujua. Alikuwa anakula wali nyumbani, akaisikia honi, akauliza ni meli ya wapi. Mwambie alikwenda forodhani kumtafuta. Mwambie na ule wasia wa kaburi, neno kwa neno, kama nilivyouandika, kwani huo ni wake, na mimi nimeukalia mwaka mzima.

Usinitetee. Usiseme Mama alikuwa na hofu, Mama alikuwa na mtoto. Hayo nimeshajiambia mwenyewe mpaka yamechakaa. Na akikufukuza, ondoka bila ya kubishana, urudi wiki nyengine. Akikufukuza tena, rudi tena. Mimi sikurudi hata mara moja, na alikuwa pale juu ya sanduku lake kutoka asubuhi mpaka alasiri.

Sijui kama utaniandikia. Nitakuwa nikimuuliza kila anayeshuka kutoka Kuwait, hilo huwezi kunikataza. Usijilazimishe kunisamehe kwa sababu mimi ni mjane na niko peke yangu. Nimeshazoea kujibembeleza, sihitaji msaidizi.

Nasikia sauti yako mtaani, unacheka na binti wa Bi Zuhra. Naandika upesi.

Issa atakuuliza, najua atakuuliza hata kama jibu analijua, maana ni mtu wa maswali: yule mwanamke aliyesema pale kwamba hanijui, wewe ni nani wako? Mwanangu, una ruhusa yangu kamili ya kusema humjui. Lakini kama utaweza, mwambie ni mama yako.

Thuwaiba